Mwajiri anaweza kumfuta mtu kazi kwa sababu ni transjenda?

1/ Siasa zikipamba moto, sikosi kusikia hii: "Sheria ya Kenya haiwatambui, mwajiri afanye atakavyo." Hiyo ni nusu ya ukweli.

2/ Ni kweli Sheria ya Ajira ya 2007 haiwataji. Lakini kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa kijinsia, na ukishtaki, mwajiri ndiye wa kuthibitisha hakukubagua.

3/ Katiba, kifungu cha 27, inataja jinsia, mavazi na mengineyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema orodha hiyo haijafungwa.

4/ Shida ni gani basi? Kila mtu anapigania haki kortini kivyake. Audrey Mbugua alishtaki ndio jina kwa cheti chake cha mtihani libadilishwe. Alishinda 2014. Na bila cheti chenye jina lako, nani atakuajiri?

5/ Mgombea akikwambia hakuna ulinzi, muulize: 27 umeisoma?