Fahamu: Kwa nini maji ya bomba huweza kukuharisha

Maji mengi ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kisha hutiwa klorini. Sasa tumbo la kuendesha linatoka wapi?

Mara nyingi uchafu huingia njiani. Maji yakikatika, presha ndani ya bomba hushuka. Penye ufa, au mpira wa maji unapopita mtaroni, majitaka hunyonywa ndani. Maji yakirudi, ya kwanza yakitoka ya kahawia, usiyanywe, dekia.

Nyumbani nako kuna hatari. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, na kikombe kinachochovywa ndooni kwa mkono ambao haujaoshwa huingiza vijidudu. Maji yanaweza kuwa maangavu na yasiwe salama.

Chemsha hadi yatokote kwa dakika 1, yafunike yapoe, yahifadhi kwenye ndoo yenye koki.

Anayeharisha apewe ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini). Mtoto aongezewe zinki. Ukiona damu kwenye choo, choo kama maji ya mchele au macho yaliyobonyea, wahi kituo cha afya.