Kisiwa ambako mchanga una wenyewe

Binti yetu mdogo hakuwa amemaliza dakika kumi kisiwani Chisenga alipouona mchanga, akavua ndala na kukimbia. Alikimbia katikati ya dagaa. Walikuwa wameanikwa wametandazwa kama mkeka wa fedha, na nyayo zake sita au saba zikabaki pale zikionekana. Mama mmoja aliyekuwa akiwageuza kwa fagio la vijiti akainuka, akamshika mkono bila kumkemea, akamtoa pembeni. Akachuchumaa na kumpukuta dagaa vidoleni, mmoja mmoja, akiwarudisha walikotoka. Kisha akamkabidhi tawi lenye majani na kumwonyesha bata na kuku waliokuwa wakinyemelea. Kazi yake ya likizo ikawa imepatikana.

Mke wangu alizaliwa Kashikishi, mji wa wavuvi ulioshikana na Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Sisi twaishi Mbeya. Kwa miaka mingi watoto walikuwa wakiomba kupelekwa baharini, kwenye kisiwa kama vile vya kwenye kalenda: mnazi ulioinama, maji ya buluu, hapana mtu. Mwaka huu mama yao akasema kisiwa anacho, tena chenye watu, na watu wenyewe ni ndugu zake. Tukapita Tunduma na Nakonde, tukalala Kasama, tukashuka Mansa, na kutoka hapo tukaifuata barabara ya bonde la Luapula kuelekea kaskazini, mto upande wa kushoto muda wote, hata pale tusipouona.

Chisenga iko kusini mwa ziwa, pale Luapula inapomwaga maji yake kupitia mabwawa ya mafunjo. Maji hayo hayaji kwetu. Hutokea Pweto, upande wa Kongo, yakiitwa Luvua, yakaingia Lualaba na kuishia Bahari ya Atlantiki. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,100, lakini kina chake ni kifupi, wastani wa mita saba na nusu hivi. Anayelitazama siku tulivu hudhani ni la kuchezea. Wenyeji hawadhani hivyo. Ziwa lenye kina kifupi huchafuka upesi, na katika miezi ya kiangazi upepo wa kusi ukishapanda kutwa, mawimbi huwa mafupi, makali, yaliyofuatana. Ndiyo maana boti huondoka alfajiri. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa imejaa magunia hadi maji yakilamba ukingo. Mke wangu akakataa kupanda, nami namshukuru. Tukangoja ya pili, watoto wakiwa wamefungwa jaketi za kujiokolea tulizokuja nazo kutoka nyumbani. Mwenye safari kama hii asitegemee kuzikuta bandarini.

Tulipoingia kwenye mafunjo, nahodha alizima injini na kushika upondo. Hapo ndipo likizo ilipoanza kwangu. Sauti ya injini ikaondoka, ikabaki ya mti ukichoma tope na ya ndege tusiowaona.

Mama mdogo wa mke wangu alitupokea ufukweni kwa kupiga makofi taratibu, magoti yamekunjwa: “Mwaiseni mukwai.” Karibuni. Watoto walikuwa wamefundishwa njiani namna ya kujibu. Ila kulikuwa na jambo moja mama yao alisahau kuwaambia. Kwa Kibemba, “mama” ni bibi; mama mzazi huitwa “mayo”. Basi mwanangu wa kiume alipoita “Mama!” kumwita aliyemzaa, wakageuka bibi watatu kwa pamoja, na watoto wa kisiwani wakamtazama mke wangu kwa mshangao, mwanamke kijana hivi tayari ana wajukuu. Hadi jioni walikuwa wamepatana: yule mzee ni Bamama, na huyu ni mayo. Sijawahi kuona neno moja likiwasogeza watoto karibu upesi kiasi kile.

Dagaa wa hapa huitwa chisense. Huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakaufuata mwanga, nyavu za matundu madogo zikawazunguka. Tulikaa nje kwenye mikeka usiku wa kwanza, na ziwa lote lilikuwa na vituo vya nuru, mbali, kama mji uliojengwa juu ya maji. Asubuhi mji huo hurudi ufukweni katika mitumbwi, na mchanga hauna nafasi tena. Kila familia ina kipande chake cha kuanikia, na kipande hicho hufagiliwa kama sebule. Jua likiwa kali, dagaa hukauka siku hiyohiyo. Mvua ikiwanyeshea, hasara ni ya mwenye nyumba. Baada ya hapo ni magunia, Kashikishi, na malori ya kwenda miji ya migodi ya Copperbelt na Katanga.

Nimekaa nikifikiri juu ya mchanga ule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, wanalima mwani kwenye ufuko uleule ambao mgeni anaambiwa ni wake wa kupumzikia. Picha za matangazo huwaondoa, au huwaweka kwa mbali kama pambo. Nadhani ndipo tunapowadhulumu watoto wetu. Tunawafundisha kwamba mahali pazuri ni mahali pasipo na mwenyewe. Chisenga haina hoteli ya kumficha mgeni. Unalala kwa watu, unakula wanachokula, na unauliza kabla hujakanyaga.

Tuliuliza pia kuhusu kuoga, na jibu lilikuwa la makini kuliko nilivyotazamia. Mjomba mmoja alituonyesha mahali penye mchanga wazi na mawimbi, mbali na matete. Kwenye matete kuna mamba na viboko. Na hata wasipokuwapo, maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makao ya kichocho. Watoto wakaoga mchana, jua likiwa juu, mtu mzima akiwa ndani ya maji nao. Nchelenge vilevile ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kali zaidi nchini Zambia, na watafiti wameifuatilia hapo kwa miaka mingi. Tulikuwa na vyandarua vyetu, tukavichomeka chini ya magodoro kabla giza halijaingia, na tulipima homa ya kila mtu kwa wiki kadhaa baada ya kurudi. Nayasema haya kwa sababu naipenda safari hii na ningependa wengine waifanye.

Mlo wa pale ni ubwali wa muhogo, mweupe na wenye kunata kidogo, kwa kisamvu wanachokiita katapa, na samaki waitwao “pale”, ndugu wa perege wetu. Siku moja nilimwuliza mzee aliyekuwa akishona wavu kuhusu mpumbu. Akaacha kushona. Mpumbu alikuwa samaki mkubwa wa Luapula, aliyepanda mto kwa makundi kila mvua ili kutaga. Wanabiolojia humwita Labeo altivelis. Miji ya migodi ilipokua, nyavu zikamngoja hapohapo mtoni, akiwa na mayai tumboni, na kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Mzee alikuwa anasimulia aliyoyasikia kwa baba yake, lakini alipima urefu wa samaki kwa mkono wake, kuanzia kiwiko, kama aliyemshika jana. Siku hizi uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Anayepanga kuja aiepuke miezi hiyo: mvua ni nyingi, na kisiwa kinaishi kwa kubana.

Ni mzee huyohuyo aliyetusimulia habari ya Nachituti, ambayo bonde zima la Luapula linaijua. Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wenye ziwa, alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akamwendea Mwata Kazembe, mgeni aliyetoka magharibi na watu wake wa Lunda, akamwomba amlipizie. Nkuba alipouawa, Nachituti alimpa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa. Mpaka leo Mwata Kazembe anakaa Mwansabombwe, na kila Julai watu hukusanyika huko kwa sherehe ya Umutomboko. Binti yangu alitaka kujua kama maji yote ya ziwa yaliingia kwenye chungu. Mzee akamjibu kwa uzito uleule, kwamba yaliingia yale ya kutosha.

Jioni walikuja wachuuzi kutoka ng'ambo, wanawake wa Kongo wenye sabuni na vitenge. Luapula ni mpaka tangu Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipogawana mwaka 1894, lakini sokoni mpaka huo huonekana kwenye noti tu. “Minatoka Kilwa,” mmoja akaniambia, na watoto wangu wakaruka kwa furaha: Kiswahili! Kilwa yake si ile ya kusini kwetu, ni mji wa ufuko wa Katanga. Tukakaa naye hadi giza, yeye akicheka Kiswahili chetu cha shule, sisi tukijifunza chake.

Siku ya tano tuliondoka alfajiri. Mitumbwi ya chisense ilikuwa inarudi, na kile kipande cha mchanga kilikuwa kimeshafagiliwa. Binti yangu alikizunguka kwa mbali, ndala mkononi, akapita kwenye nyasi hadi kwenye boti. Bamama akampakatisha mfuko wa dagaa wakavu, akasema, “Kafikenipo.” Mfike salama.

“Shalenipo, Bamama,” akajibu.

Mfuko ule alisafiri nao magotini hadi Mansa, na gari lote likanukia ziwa.