Kwa Nini Ardhi Mwishoni mwa Njia ya Ndege Huachwa Wazi

Wakazi wanaoishi karibu na viwanja vya ndege hujiuliza kwa nini kuna kipande cha ardhi mwishoni mwa njia ya kurukia kisichojengwa, kisicholimwa wala kulishwa mifugo. Ajali iliyotokea Toronto, Kanada, inaeleza sababu.

Mnamo Agosti 2, 2005, ndege ya Air France aina ya Airbus A340 kutoka Paris ilitua humo ikiwa na watu 309, mvua ya radi ikinyesha. Njia ilikuwa na urefu wa mita 2,743, lakini magurudumu yaligusa lami baada ya ndege kupita zaidi ya kilomita moja ya njia hiyo. Lami ilikuwa imefunikwa na maji. Katika hali hiyo gurudumu hukosa mshiko na breki husaidia kidogo tu. Injini nazo, ambazo baada ya kutua husukuma hewa kuelekea mbele ili kupunguza kasi, zilichelewa kufanyishwa kazi hiyo: zilifikia nguvu kamili zaidi ya sekunde 15 baada ya kutua.

Ndege ilitoka nje ya lami ikienda takriban kilomita 150 kwa saa, ikatumbukia kwenye korongo la mto na kushika moto. Watu 12 waliumia vibaya. Hakuna aliyefariki, ingawa karibu nusu ya abiria walishuka na mizigo yao ya mkononi huku moto ukiwaka. Wasafiri wazingatie hilo: mhudumu akiamuru mtoke, begi hubaki.

Wachunguzi wa Kanada walipendekeza eneo salama la mita 300 baada ya lami, au mbinu nyingine ya kuisimamisha ndege. Kwa njia kubwa, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka angalau mita 150, na hupendekeza 300.

Hapa Kenya, anayetaka kujenga karibu na uwanja wa ndege anahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), mbali na kibali cha ujenzi cha kaunti. Ni vyema kuulizia kabla ya kununua ploti, kwa kuwa bei nafuu ya kiwanja kando ya ua wa uwanja mara nyingine ina sababu yake. Wafugaji nao wanaombwa wasipitishe mifugo penye ua uliobomoka, bali watoe taarifa kwa wasimamizi wa uwanja au kwa chifu.