Tutazame Nini Jumamosi Usiku?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi siku hizi kuna swali ambalo huulizwa kila Jumamosi, vyombo vya chakula cha jioni vikiisha kuoshwa: tutazame nini? Zamani swali hilo halikuwa na nafasi. Mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka sinema alivaa nguo zake safi akaenda Empire, Empress au Avalon, akakata tiketi, akatazama kile kile kilichobandikwa ukutani. Wa kijijini alisubiri gari la sinema lije, kitambaa cheupe kitundikwe uwanjani, na watu wakae mbele na nyuma yake. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulingoja hadi 1994. Leo sinema imeingia sebuleni, na ikapita sebule ikaingia mfukoni, maana kijana hujifunika shuka akatazama peke yake kwenye simu.

Hapo ndipo penye shida. Filamu si chache. Ni nyingi mno. Nyumbani kwetu tulikuwa tukikaa watu sita mbele ya kioo kimoja tukigombea, mmoja akitaka mapigano, mwingine mapenzi ya Kifilipino, mwingine mpira, hadi mmoja baada ya mwingine akainuka na simu yake. Akabaki Bibi, yaani mama mkwe wangu, ameketi na kanga yake mapajani mbele ya televisheni iliyozimwa. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Ndipo tukaafikiana kwamba kila Jumamosi mtu mmoja achague, na wengine wote wakae hadi mwisho, ndipo waseme wanalotaka kusema. Tumefanya hivyo kwa miezi kadhaa sasa. Nakuletea hapa filamu nne tulizozitazama, si kwa sababu ni mpya, bali kwa sababu katika kila moja kulizuka mazungumzo ambayo hayakuisha usiku ule.

Nianze na ile iliyotuvunja moyo kwanza, kisha ikatuunga. Ni filamu ya Irani ya mwaka 1997, iitwayo kwa Kiajemi Bacheha-ye Aseman, maana yake Watoto wa Mbinguni. Ukiitafuta utaikuta zaidi kwa jina la Kiingereza, Children of Heaven. Mwongozaji wake ni Majid Majidi. Kisa ni chepesi kiasi kwamba ukisimuliwa waweza kukipuuza. Mvulana aitwaye Ali ametumwa kuchukua viatu vya dada yake, Zahra, kwa fundi. Akiwa dukani kununua viazi, viatu vinachukuliwa na mwokota takataka asiyejua kilichomo. Baba yao ni maskini, mama ni mgonjwa, kodi ya nyumba inadaiwa. Watoto wanaona haya na huruma kusema. Basi wanaamua kutumia jozi moja ya raba za Ali: Zahra avae asubuhi, kisha akimbie hadi kichochoroni, wabadilishane, naye Ali akimbilie shule ya mchana.

Ni hayo tu. Hakuna steringi, hakuna adui, hakuna bastola. Walakini nakuhakikishia kwamba raba ile moja ilipomtoka Zahra mguuni ikaangukia kwenye mtaro, ikachukuliwa na maji, hapakuwa na mtu sebuleni kwetu aliyevuta pumzi. Mume wangu, ambaye husema kwamba sinema bila mapigano ni hotuba, alisimama wima.

Hapo yafaa niseme juu ya taabu ya Bibi. Hawezi kufuata maandishi yapitayo chini ya picha. Macho yamechoka, na Kiingereza hakukisoma. Yeye amezoea zile filamu zilizotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, wale vijana wa vibanda vya video ambao humpa Mchina jina la Kisukuma na kumtukana adui kwa niaba ya watazamaji. Wasomi wengi huwadharau vijana hao. Mimi siwadharau, kwa maana wamewafungulia mlango mamilioni ya watu ambao vinginevyo wangekaa wakitazama midomo inayotikisika. Lakini filamu ya Irani haikuwa na msimulizi. Basi binti yetu wa darasa la sita akakaa sakafuni karibu na miguu ya Bibi, akawa anasoma maandishi na kusimulia kwa Kiswahili chake, taratibu, huku akiacha hapa na kuongeza pale.

Kuna mahali baba wa watoto hao amekaa sakafuni akivunja mabonge ya sukari ya msikiti. Sukari imejaa mbele yake. Analetewa chai, anaomba sukari. Bintiye anashangaa, kwani sukari si hiyo? Baba anamjibu kwamba hiyo wamekabidhiwa, ni ya msikiti. Mtoto wetu alikuwa hajafika katika kusimulia, Bibi akasema polepole, “Ile ni amana.” Alikuwa ameelewa kabla ya kuambiwa. Filamu inayoweza kufanya hivyo kwa kikongwe wa Morogoro na watu wa Tehran haihitaji sifa zangu. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Irani kuteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Haikuipata, na hilo halikuipunguzia kitu. Mtoto wa miaka saba anaweza kuitazama. Mwisho wake, wa mashindano ya mbio, sikuambii.

Ya pili ilichaguliwa na huyo huyo binti yetu, nami nakiri nilijaribu kumzuia. Ni Supa Modo ya Kenya, iliyotoka mwaka 1998, la, nisamehe, kalamu imeteleza: ni 2018. Mwongozaji ni Likarion Wainaina. Msichana aitwaye Jo, mwenye umri wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani akaishi siku zilizobaki. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu na za Jackie Chan. Dada yake, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona amelala akingoja. Anawashawishi wanakijiji wote wamfanye Jo aamini kwamba naye anazo nguvu hizo. Mama hapendi. Yeye ni mkunga, mtu aliyezoea kuleta uhai duniani, na anaona kwamba kumdanganya mtoto aliye mahututi ni ukatili uliovishwa nguo ya mchezo.

Sababu ya mimi kutaka kumzuia ni hii. Mwaka uliotangulia, rafiki wa binti yetu aliyekuwa akikaa naye dawati moja aliugua, akaacha kuja shule, na baada ya wiki kadhaa akafariki. Sisi wazazi tulikubaliana kumwambia kwamba mwenzake amehamia kwa shangazi yake mkoani. Tuliona tunamhifadhi. Hakuuliza tena, nasi tukashukuru kwamba hakuuliza.

Filamu ilipokwisha, wengine walikuwa wanafuta machozi, maana inachekesha sana kisha inakugeuka. Binti yetu hakulia. Alinigeukia akasema, “Mama, mimi nilijua siku ile ile. Niliona nyie mnataka nisijue, basi nikanyamaza.” Ndugu msomaji, mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa ametubebea uongo wetu kwa mwaka mzima ili sisi tusipate uchungu. Katika filamu ile, Jo naye anajua mengi kuliko wakubwa wanavyodhani. Ndiyo siri ya uzuri wake.

Tulibishana hadi saa sita za usiku. Bibi alishikilia kwamba mtoto haambiwi habari za mauti, ndivyo walivyolelewa wao. Mume wangu akasema ni afadhali kumwambia kwa maneno machache kuliko kumwachia abuni mwenyewe. Mimi nilikuwa sina la kusema. Siku ya pili nilikwenda naye kwa wazazi wa yule marehemu, tukakaa, akaonyeshwa madaftari ya mwenzake. Siwezi kukuambia kwamba filamu ndiyo iliyofanya hivyo, lakini bila hiyo tungekuwa tunanyamaziana hadi leo. Itazame na watoto waliovuka miaka minane, na usiwaache peke yao mara inapokwisha. Lugha yake ni ile ya Wakenya, Kiswahili, Kiingereza na Kikikuyu kwa pamoja, na Bibi aliweza kufuata sehemu kubwa bila msaada.

Ya tatu ni yetu sisi wenyewe, nayo ni Vuta N’Kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999. Waliosoma kidato cha tano na cha sita wengi wanaijua riwaya hiyo kwa jasho la mtihani. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza angali anatawala. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi umri mbali, anatoroka, anahifadhiwa na Mwajuma, na kukutana na Denge, kijana anayepigania uhuru kwa siri. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka 2022 ikapelekwa na Tanzania kushindania Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikulifanya tangu Maangamizi ya mwaka 2001.

Ni filamu ya kupendeza macho. Vichochoro vya usiku, taarabu, mwanga wa taa ukutani. Kuna nyakati nilitamani waisimamishe picha nipate kuitazama vizuri. Ila nina neno. Riwaya ni ndefu na ina watu wengi wenye vichekesho na visa vyao, nayo filamu imeacha mengi ili ibaki na wapenzi wawili na siasa yao. Kijana wetu wa kidato cha tano, aliyetarajia kuitumia badala ya kusoma kitabu, alikata tamaa, nami nikafurahi kimoyomoyo. Pia inakwenda polepole, na asiyejua historia ya Zanzibar atahitaji kuelezwa. Kuna mateso ya polisi na kuna mambo ya mapenzi. Wadogo walale kwanza. Kwa wakubwa, yafaa sana. Mazungumzo ya usiku ule yalikuwa juu ya ndoa ya Yasmin, na Bibi, ambaye aliozwa kabla hajavunja ungo, alisema maneno mawili matatu ambayo mwanawe alikuwa hajawahi kuyasikia. Hayo hayaandikiki gazetini.

Kati ya hizo kulikuwa na nyingine ambazo sizitaji kwa kuwa sina haja ya kuzitangaza. Moja ilikuwa na maiti kumi na moja katika robo saa ya kwanza. Kijana wetu aliyeichagua ndiye aliyeomba tuizime. Na ipo Binti ya Seko Shamte, ya 2021, yenye visa vya wanawake wanne wa Dar es Salaam, ambayo niliitazama peke yangu mchana. Naiweka kwa siku kina mama watakapokuwa pamoja, kwa maana nahisi itatuchukua muda kuizungumza.

Ya nne ni kongwe kupita zote: Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1968. Usitishwe na umri wake. Imekarabatiwa miaka ya karibuni na rangi zake zinang’aa. Wengi wetu tunakijua kisa bila kujua kwamba tunakijua, maana Amandina Lihamba alikigeuza kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, analetewa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake afanyaye kazi Paris. Katika fedha hizo zake ni 2,000 tu. 3,000 ni za mama wa kijana, na zilizobaki amwekee. Lakini mtaa mzima umekwisha kupata habari, na kila mwenye shida anabisha hodi. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe, na mzee anajua tu kwamba alizaliwa karibu na mwaka fulani.

Hapo Bibi alicheka hadi akakohoa. Yeye mwenyewe aliwahi kuzungushwa miezi minane katika ofisi moja akitafuta karatasi ya namna hiyo hiyo, akiambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu, aliyesaini hayupo. Alikuwa akimwelekeza Dieng kwa sauti, “Usimpe huyo! Huyo tapeli!” kana kwamba yumo sebuleni. Sembène aliitengeneza filamu hii kwa Kiwolofu ili watu wa kwao waisikie bila mkalimani, na sisi tuliohitaji mkalimani tulimpata sakafuni, penye miguu ya Bibi, ambaye sasa anaifanya kazi hiyo kwa maringo na hudai alipwe karanga.

Jumamosi ijayo zamu ya kuchagua ni ya Bibi. Amekwisha kutuarifu kwamba hataki kitu kipya; anataka ile ya Msenegali irudiwe, kwani usingizi ulimpitia pale Dieng alipomtilia saini yule jamaa yake mwenye suti, naye hakubali kusimuliwa yaliyotokea.