Kijiwe kwenye tezi ya mate: Kinatoka wapi, na kwa nini kinauma ukila?

Umekaa Kikwajuni jioni, bakuli la urojo liko mbele yako, ndimu imeshakamuliwa. Kijiko cha kwanza tu, chini ya taya upande mmoja panavimba, panakaza, panauma. Baada ya saa moja hivi uvimbe umenywea na wewe umeshasahau. Kesho ukila, mambo yale yale.

Wengi hudhani ni jino, au ni matumbwitumbwi. Lakini uvimbe unaokuja wakati wa kula kisha ukaondoka wenyewe ni dalili kubwa ya kijiwe kilichoziba njia ya mate.

Kimeundwa na nini?

Si kokoto uliyoimeza kwenye wali. Kijiwe hiki mwili umekitengeneza wenyewe. Sehemu kubwa ni kalsiamu na fosfeti, madini yale yale yanayoipa mifupa na meno ugumu wake. Ndani yake mna pia protini, ute na mabaki ya seli.

Ukikikata katikati unakuta kiini, na kiini hicho kimezungukwa na tabaka juu ya tabaka kama kitunguu maji. Vingi havifiki milimita 10. Vinavyozidi milimita 15 huhesabiwa kuwa vikubwa kupita kawaida.

Kinaanzaje?

Kwa siku mtu hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Kalsiamu na fosfeti zimo humo, zimeyeyuka. Mate yakienda polepole, ute hushikana na seli zilizokufa, wakati mwingine na bakteria. Hicho ndicho kiini. Madini huanza kukinatia kidogo kidogo, kama ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika la kuchemshia maji.

Kijiwe kikikua, mate yanazidi kukwama. Na mate yakikwama, kijiwe kinazidi kukua.

Mbona chini ya taya?

Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Vijiwe 8 au zaidi kati ya 10 huota kwenye tezi ya chini ya taya. Mate yake ni mazito, yana kalsiamu nyingi na asidi kidogo. Halafu mrija wake una urefu wa kama sentimita 5 na unapanda juu hadi chini ya ulimi, yaani mate yanapanda mlima. Mrija huo una jina la Thomas Wharton, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1656.

Kwa nini kinauma ukila?

Kikwajuni jina lenyewe limebeba mkwaju. Ukiufikiria ukwaju tu, mdomo unajaa mate. Sasa tezi imefungulia, njia imezibwa: mate yanarudi nyuma na tezi inatuna.

Ufanye nini?

- Kunywa maji ya kutosha. Mwezi wa Ramadhani, yanywe kati ya futari na daku.
- Kijiwe kidogo huweza kutoka chenyewe. Nyonya ndimu, kisha kanda taratibu kutoka nyuma ya taya kuelekea mbele.
- Usikichokoe kwa pini wala kijiti. Utaingiza vijidudu.
- Ukiona homa, usaha, au uvimbe usioondoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa na shida ya kumeza au kupumua, usisubiri hata kidogo.

Daktari atapapasa, na akihitaji atapiga eksirei au ultrasaundi. Kijiwe kilicho karibu na mdomo wa mrija mara nyingi hutolewa kwa mkato mdogo chini ya ulimi.

Na kama una uvimbe mgumu usiouma, usiojali umekula au hujala, usijiambie ni kijiwe. Huo unaweza kuwa kitu kingine kabisa. Kaonyeshe mapema.