Mkeka umechanika, simu ikaja kwangu

SIMU iliita Jumapili saa tatu usiku, namba ngeni.

"Kaka, wewe ndiye uliyeandika yule straika anaanza?"

Nikamwambia niliandika amefanya mazoezi na wenzake na ana nafasi ya kuanza.

"Basi umenimaliza. Kakaa benchi dakika zote tisini. Nilitia hela ya hesabu ya bosi."

Alikuwa dereva wa bodaboda, namba yangu aliitoa chini ya makala. Kikosi anapanga kocha, mimi sina kosa. Lakini usingizi uligoma. Chini ya habari yangu, ukurasa uleule, kulikuwa na tangazo kubwa la kampuni ya kubashiri, na mechi iliyotangazwa ni ileile niliyoiandikia. Ukimaliza aya yangu ya mwisho unaangukia kwenye mkeka. Yale maneno ya "18+, cheza kistaarabu" yako pembeni, herufi za kutafuta kwa tochi.

Tuseme ukweli, bila tangazo lile ukurasa wenyewe pengine usingekuwepo.

Pita asubuhi kwenye meza ya magazeti pale Mwenge au Kariakoo. Watu kumi wameinama wanasoma vichwa, wanabishana Simba na Yanga, daladala ikija wote wanaondoka. Anayetoa hela ni mmoja, akipatikana. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa tu, anayetaka undani akanunue gazeti. Siku hizi hata redio haihitajiki, kurasa za mbele zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla muuzaji hajapanga meza yake.

Matangazo nayo yamehama. Zabuni za Serikali ziko kwenye mfumo wa NeST mtandaoni. Tanzia inatumwa kwenye grupu la ukoo. Aliyebaki na hela, na anayemtaka msomaji wa kurasa za michezo kuliko mtu yeyote, ni kampuni ya kubashiri.

Klabu zililijua hili kabla yetu. Mwaka 2017 SportPesa iliingia Simba na Yanga, na Julai mwaka huohuo Everton ikaja na Wayne Rooney kucheza na Gor Mahia pale Uwanja wa Taifa. Raha ilikuwa kubwa! Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ikavutana na Serikali ya Kenya kuhusu kodi, ikasitisha udhamini huko. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zinahangaika na mishahara ya wachezaji.

Mimi nikiikumbuka Gor Mahia ile, naliona gazeti. Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kwa chombo kinachoishi kwa tangazo hilo, siku 30 ni mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ndiyo mshahara.

Wapo waliokataa wenyewe. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliacha kupokea matangazo ya kamari Juni 2023, likabakiza bahati nasibu. Nawapongeza, ila wale wana wasomaji wanaolichangia gazeti lao kwa hela. Wetu wameinama mezani wanasubiri daladala.

Tangazo lenyewe silipingi. Ninachokiogopa ni kile linachofanya kwenye kalamu. Kwenye chombo kimoja nilichoanzia kazi niliombwa kila uchambuzi wa mechi niumalizie na utabiri wa matokeo, na tangazo likae jirani yake. Niliandika. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Nilijua kabisa najua kidogo kuliko ninavyojifanya, na kuna mtu ataweka hela juu ya kujifanya kwangu.

Siku hizi nagoma, kistaarabu. Naandika nani kafanya mazoezi, nani anachechemea, nani kaonekana hospitalini. Nikiulizwa mabao mangapi, namwambia mhariri amuulize aliyelipia ukurasa. Anacheka, lakini naona anahesabu: kampuni ile ikihamia kwingine, nani atalipia nauli yangu ya kwenda Mwanza kufuata mechi? Jibu sina.

Ijumaa iliyofuata yule wa bodaboda akapiga tena, sauti ya kirafiki kabisa.

"Kaka, shwari? Kesho straika wetu anaanza?"

Nikamwambia amefanya mazoezi na wenzake, kikosi anacho kocha.

"Aa, hayo nimesoma. Niambie basi wewe unaonaje."

Nikamuuliza kama ile hesabu ya bosi alishailipa. Akacheka, akakata simu.