Mtoto Msumbufu Darasani na Msaada wa Kuombwa Shuleni

Katika mtaa wa Bel-Air, ulioko komine ya Kampemba mjini Lubumbashi, mtoto wa miaka sita anayepiga wenzake au asiyeweza kutulia darasani huonekana upesi kuwa mzigo, hasa kwa kuwa madarasa mengi ya umma nchini Kongo yalifurika baada ya elimu ya msingi ya bure, iliyowekwa na ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, kuanza kutekelezwa Septemba 2019. Mwalimu humwita mzazi ili amshtaki mtoto, mzazi naye huja kumtetea, na kikao huisha bila yeyote kuuliza kinachomsukuma mtoto huyo.

Kinachofaa kuombwa kwanza si huruma bali maelezo: mtoto alifanya nini hasa, katika somo gani, kitu gani kilitangulia na kipi kilifuata. Wanasaikolojia huchunguza hivyo ili kujua tabia inamletea mtoto faida gani, kwani anayevuruga kila linapofika somo la kusoma Kifaransa, lugha asiyoisikia nyumbani, huenda anaikimbia aibu ya kushindwa, na akitolewa nje amepata alichokitafuta, hivyo adhabu yenyewe inaikuza tabia iliyokusudiwa kuizima.

Maelezo hayo humsaidia pia daktari. Mtoto asiyetii huenda hasikii vizuri kwa sababu ya usaha masikioni, na anayezubaa ghafla kwa sekunde chache anaweza kuwa na aina ya kifafa isiyoangusha. Upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliokithiri, ambao ni tatizo la ukuaji wa ubongo wala si ukosefu wa malezi, hauthibitishwi mpaka dalili zidumu angalau miezi sita na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni. Lubumbashi ina Kituo cha magonjwa ya akili na neva cha Dkt. Joseph Guislain, na kumpeleka mtoto huko si kumtangaza kuwa mwendawazimu.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya familia kukata tamaa na kumpeleka mtoto kwenye maombi ya kumtoa uchawi, ambako baadhi ya watoto hunyimwa chakula au kupigwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, humwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini, na ni haki kabisa, kwa maana tuhuma hiyo humvunja mtoto ambaye tayari ameelemewa.

Mbele ya mwalimu na mkurugenzi wa shule, mzazi anaweza kupendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha: mtoto aketi mbele, apewe kazi fupi fupi, atumwe kugawa madaftari mwili unapodai kusogea, na asifiwe papo hapo anapofanya vema. Daftari dogo, ambamo mwalimu huandika mstari mmoja kila siku na mzazi hujibu jioni, lisiwe orodha ya makosa tu, kwani mtoto atalificha. Likitunzwa kwa wiki kadhaa, lionyeshwe kwenye kikao kinachofuata na kwa daktari, ambaye hawezi kuliona darasa kwa macho yake.